Mshale wa Chaki Sakafuni

Mwaka wa kwanza Upeksha alipokosa nafasi ya udaktari, baba yake aliilaumu saa ya ukutani. Mwaka wa pili alilaumu kiti. Mwaka huu, siku mbili kabla ya sikukuu ya mwaka mpya ya Aprili, aliazima dira kwa mpima ardhi aliyestaafu, akapiga magoti sebuleni na kipande cha chaki mkononi, akachora mshale mrefu kama mkono wake kuelekea kusini.

"Kiti kitakaa hapa," alisema akigonga sakafu kwa kidole, "na pua yako itafuata mshale. Mwaka jana ulikaa upande upande."

"Nilikaa sawa, Baba."

"Ulikaa upande upande. Nilikuona."

Upeksha akasogeza kiti. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja, na alikwisha kujifunza kwamba ubishi na Piyatilaka juu ya saa au pande za dunia haukuwa na mwisho. Kwa miaka thelathini na mmoja mzee huyo aliketi kwenye kibanda cha stendi ya mabasi ya Rambukkana, akiandika dakika ambayo kila basi limeondoka na dakika ambayo limerudi. Alistaafu, lakini saa haikumtoka mkononi. Kila asubuhi aliirekebisha kwa mlio wa redio, na majirani waliokuwa na saa zao walimuuliza yeye.

Mwaka mpya ulikuwa siku yake. Wanajimu hutoa orodha ya saa njema, pamoja na rangi ya nguo na upande wa kuelekea, na nchi nzima huifuata: dakika ya kuwasha jiko, dakika ya kuanza kazi na kula mlo wa kwanza, dakika ya kupakwa mafuta kichwani, na siku kadhaa baadaye, dakika ya kutoka nyumbani kwenda kazini. Katika dakika ya kuanza kazi kila mtu hugusa kazi anayotaka imfanikie mwaka mzima. Mkulima huchimba mashimo mawili matatu. Mama yake Upeksha, Chandralatha, ambaye hushona nguo za shule za watoto wa jirani, hutunga uzi kwenye sindano. Na Upeksha, tangu alipomaliza kidato cha mwisho, hufungua kitabu cha Biolojia ukurasa wa kwanza, baba yake amesimama nyuma yake na saa mkononi.

Mtihani wa kwanza alikuwa wa mia tano na arobaini wilayani. Wa pili alikuwa wa mia nne tisini na nane. Waliochukuliwa udaktari kutoka wilaya yao hawakufika sabini. Upeksha aliipiga hesabu hiyo mara nyingi, bila machozi, kama mtu anayepima mto kabla ya kuuvuka. Katika mwaka mzima wa madarasa ya ziada, Jumamosi na Jumapili, wanafunzi mia nne ukumbi mmoja na mwalimu akizungumza kwa kipaza sauti, alikuwa amesogea nafasi arobaini na mbili. Mtu akiruhusiwa kufanya mtihani mara tatu tu, na akisogea nafasi arobaini na mbili kila mara, hafiki. Hakuna dira inayobadili hilo.

Ndiyo maana Novemba, bila kumwambia mtu, alituma maombi ya uuguzi. Masomo aliyofaulu yalitosha. Umri ulitosha. Mafunzo ni miaka mitatu, kisha kazi. Hilo ndilo lengo alilojiwekea, na alilipenda kwa sababu moja iliyo wazi: lilikuwa mahali ambapo mkono wake ungefika.

Tangu Februari alikuwa akimuuliza mtu wa posta kila wiki. Machi ilipokwisha bila barua, aliamini hakuchaguliwa.

*

Siku yenyewe mambo yalipangwa hivi: mwaka ungeingia saa sita na dakika thelathini na nne mchana. Kuanzia asubuhi hadi wakati huo ni muda mtupu, usio wa mwaka wa zamani wala mpya. Jiko limezimwa, hakuna anayekula wala kushika kazi, watu huenda hekaluni na kurudi. Jiko lingewashwa saa nane na dakika sita. Kazi na mlo wa kwanza, saa tisa na dakika ishirini na mbili.

Waliporudi hekaluni, Chandralatha alisimama mbele ya kabati la vyombo akiwa na wasiwasi.

"Mwanangu, hebu nitazamie ile karatasi ya saa. Nguo ni nyeupe au ni rangi ya dhahabu? Baba yako yuko nje anasikiliza redio, nikimuuliza atanihutubia."

Upeksha akafungua droo. Karatasi ya saa ilikuwa juu. Chini yake palikuwa na bahasha ya kahawia yenye muhuri wa serikali na jina lake, imefunguliwa kwa wembe, vizuri, bila kuchanika. Muhuri wa posta ya Rambukkana ulisema tarehe ishirini na saba Machi.

Alisoma barua akiwa amesimama. Alikuwa amechaguliwa. Aripoti chuo cha uuguzi Kandy tarehe kumi na saba Aprili, saa mbili na nusu asubuhi, akiwa na fomu ya mkataba iliyotiwa saini na wadhamini wawili, ambao ni watumishi wa serikali au wastaafu. Atakayechelewa atahesabiwa ameikataa nafasi.

Leo ilikuwa tarehe kumi na nne.

Damu ilimpanda hadi masikioni. Alisikia yule ndege anayelia kila Aprili, msimu wa mwaka mpya, kwenye mti wa jirani, aliona maji yakidondoka bombani, na kila kitu kilikuwa wazi mno, kana kwamba hasira ilikuwa imepangusa kioo.

"Nyeupe," alimwambia mama yake, akatoka nje na barua.

Piyatilaka alikuwa ameketi kibarazani, redio pajani. Aliiona bahasha kabla hajauona uso wa binti yake, akainua kiganja taratibu, kama wafanyavyo askari wa barabarani.

"Si sasa. Huu muda haufai kwa neno zito. Litatufuata mwaka mzima."

"Barua ilifika tarehe ishirini na saba Machi. Siku ile nayo haikufaa?"

"Ningekupa baada ya sikukuu."

"Baada ya sikukuu ni tarehe ngapi?"

Akazima redio. "Saa ya kutoka kwenda kazini ni tarehe kumi na nane, asubuhi."

"Na barua inasema kumi na saba."

"Naijua inavyosema."

"Basi ungenipa tarehe kumi na nane, tunywe chai, tuzungumze. Nami ningesema mbona imechelewa, nawe ungesema posta, posta hawa."

Hakukana, na kwa Upeksha hilo lilikuwa baya kuliko uongo. Mzee aliitazama saa yake tu, kama mtu anayesubiri basi la mtu mwingine lipite.

"Mwanangu," alisema mwishowe, "nimebakiza mtihani mmoja."

"Wewe umebakiza?"

Nyuma yake, mlangoni, Chandralatha alikuwa amesimama akijifuta mikono isiyo na maji. Upeksha akamgeukia. "Mama, ulijua?"

"Nilijua kuna barua. Sikujua tarehe."

Upeksha akaikunja barua katika mikunjo yake ile ile, akaingia ndani. Hakupiga kelele. Aliogopa kwamba akifungua mdomo kwa sauti anayoitaka, baba yake angepata sababu ya kuzungumzia sauti badala ya barua.

*

Saa nane kamili alifika shangazi Somalatha, dada mkubwa wa Piyatilaka, mjane na mwalimu mstaafu anayeishi nyumba ya pili. Kila mwaka hula nao mlo wa kwanza. Alikuta nyumba kimya, na mpwa wake ameketi jikoni juu ya kigoda, amevaa nyeupe, uso kama jiwe.

"Nani amekufa?"

Upeksha akampa barua. Shangazi akavaa miwani, akaisoma, akairudia kwa jicho la mtu aliyesahihisha insha miaka thelathini na nane.

"Nani kaificha?"

"Baba."

"Nimeuliza kwa heshima tu. Nilijua." Akageuza fomu. "Wadhamini wawili. Mimi nina pensheni, nafaa. Mama yako hafai, hajaajiriwa. Waliobaki?"

"Baba peke yake. Wajomba wote ni wakulima. Na siwezi kumwomba mtu baki anidhamini kwa mkataba wa miaka mingi, ndani ya siku tatu, tena za sikukuu, ofisi zimefungwa."

"Kwa hiyo ni yeye."

"Ni yeye."

"Sawa. Mimi nitasaini saa tisa na dakika ishirini na mbili. Kusaini ni kazi, na mimi sianzi kazi kabla ya saa yake hata ukinichoma." Akavua miwani. "Na wewe usilie."

"Silii, Shangazi. Nataka kuvunja kitu."

"Vunja baada ya kula."

Saa nane na dakika tano fataki zilianza kulia upande wa juu wa kijiji. Piyatilaka alionekana dirishani akitikisa kichwa. "Sekunde hamsini," alisema kwa uchungu wa kweli. "Watu hawa wamewahi kwa sekunde hamsini." Kisha akainua mkono, akaushusha, na Chandralatha akawasha jiko. Maziwa yalichemka kwenye chungu kipya yakamwagika pande zote, dalili njema, na hakuna aliyetabasamu isipokuwa Chandralatha, kidogo, kwa mazoea.

Wali wa tui uliiva, ukamiminwa kwenye sinia na kukatwa vipande. Ndizi ziliwekwa, na kavum, maandazi matamu ya unga wa mchele, zilizokaangwa wiki nzima. Taa ya mafuta ikasimama katikati ya meza. Kwenye ncha ya mshale wa chaki palikuwa na meza ndogo, na juu yake kitabu cha Biolojia, toleo jipya, bado kinanukia duka, na kalamu mpya kando yake.

Dakika mbili kabla ya saa, Upeksha aliketi. Alikaa vizuri kuliko miaka yote. Miguu yake ilikuwa sambamba na mshale, mabega yamenyooka, pua kusini. Piyatilaka alimzunguka akimkagua, akaonekana kutulia. Labda alidhani ameshinda.

"Tayari," alisema akitazama saa. "Tayari... Sasa."

Fataki zikalia kijiji kizima. Upeksha akatoa fomu chini ya kitabu, akaiweka juu yake, akaandika jina lake kamili kwenye mstari wa kwanza. Shangazi Somalatha akainama juu ya bega lake, akachukua kalamu, akasaini na kuandika namba ya pensheni yake kwa kichwa, bila kutazama popote.

"Mwanzo mwema," alisema shangazi.

Chandralatha alikuwa ameshikilia sindano na uzi. Uzi haukuwa umeingia.

Baada ya hapo ni zamu ya kupeana: mtoto hupiga magoti, hutoa kifungu cha majani ya tambuu kwa mzazi, na mzazi hupokea kwa mikono miwili na kumpa kitu cha kwanza cha mwaka. Hakuna mzazi anayekataa tambuu. Upeksha alichukua majani arobaini, akaweka fomu chini yake, akapiga magoti mbele ya baba yake, akainamisha kichwa hadi miguuni.

Piyatilaka akapokea. Angefanyaje? Mikono miwili ilienda yenyewe. Kisha akatoa mfukoni noti mpya isiyo na mkunjo.

"Sitaki pesa, Baba. Nataka saini."

"Simama, binti."

"Nitasimama."

Lakini hakusimama. Piyatilaka akaiweka noti juu ya majani, akaitoa, akaiweka tena.

"Mwaka huu ungepata," alisema. "Sikiliza. Mwaka wa kwanza saa ya ukutani ilikuwa nyuma karibu dakika nzima. Nimekiri, kosa langu. Wa pili ulikaa vibaya. Mwaka huu hakuna kosa. Redio, dira, kiti, kila kitu. Mwaka huu ndio wenyewe, na wewe unautupa."

"Mwaka wa pili uliirekebisha saa?"

"Kwa redio. Mbele yako."

"Na miaka yote miwili nilifungua kitabu ulichoniwekea?"

"Ulifungua."

"Basi umesahihisha saa, umesahihisha kiti, umechora sakafu. Kitu kimoja tu hujakigusa hata siku moja, Baba. Kile unachokiweka mezani." Sauti yake ilikuwa chini, na kila neno lilitoka limenyooka. "Nilikuwa wa mia tano na arobaini. Nikawa wa mia nne tisini na nane. Wanachukua chini ya sabini. Wewe uliandika saa za mabasi maisha yako yote. Basi likichelewa kwa saa nne, ungesema leo litafika kwa wakati kwa sababu dereva amekaa vizuri?"

Shangazi alikohoa. Ilikuwa kicheko.

"Muuguzi atasimama nyuma ya daktari hadi azeeke," alisema Piyatilaka.

"Mdogo wangu," alisema Somalatha, "wewe ulikaa kibandani ukiandika saa za mabasi. Hukuendesha hata moja. Kuna aliyekudharau?"

"Ndiyo," alisema Piyatilaka. "Wengi, Dada. Wewe hukuwepo."

Upeksha aliyasikia maneno hayo, akayaelewa, na aliudhika kwamba yalimgusa. Hakuwa na nafasi ya kumhurumia mtu aliyeficha barua kwa wiki mbili na nusu. Alibaki magotini. Saruji ilimwumiza, na aliyafurahia maumivu kwa sababu yalimsaidia kutosema zaidi.

Kwa desturi ya nyumba hiyo, baba ndiye humlisha kila mtu tonge la kwanza, na hakuna anayekula kabla yake. Piyatilaka aliketi mezani na tambuu mapajani. Hakugusa wali. Kwa hiyo hakuna aliyegusa. Wali ukapoa, mvuke ukaisha, nzi mmoja akatua kwenye ndizi na Chandralatha akampunga. Mzee alitazama saa yake. Baada ya dakika akaitazama tena. Kalenda yake ya nyota, aliyoiamini kuliko ile ya gazeti, ilisema saa njema hiyo ilidumu hadi saa tisa na dakika arobaini.

Saa tisa na dakika arobaini na moja akavuta fomu kutoka chini ya majani, akaomba kalamu, akasaini. Kando ya saini, kwa mazoea ya miaka thelathini na mmoja, akaandika saa: 3.41.

Upeksha aliiona namba hiyo, akaelewa papo hapo.

"Ulisubiri ipite."

"Ndiyo."

"Kwa makusudi."

"Ili isihesabiwe," alisema baba yake. "Mimi mwaka huu sijaanza jambo hili. Umelianza wewe."

Akamega wali, akanyoosha tonge kwa binti yake. Upeksha aliitazama ile mikono, akasimama, akaichukua fomu kwanza, akaipuliza wino ukauke. Ndipo akafungua mdomo, akala. Wali ulikuwa baridi.

"Kwenye fomu," alisema shangazi akivuta kiti, "hakuna mahali pa nyota. Nilitazama. Haya, tuleni, mimi nina sukari, mtaniua."

*

Siku mbili zilizofuata Piyatilaka hakusema na binti yake ila mara moja. Alisimama mlangoni wakati Upeksha akipanga begi, akasema saa ya kutoka ni tarehe kumi na nane, kwamba hata wakubwa wa chuo ni watu, nao wana mama zao na nyota zao, hawatamfukuza kwa siku moja. Upeksha alimsomea mstari wa mwisho wa barua neno kwa neno, akaendelea kukunja nguo.

Tarehe kumi na saba Upeksha aliamka saa kumi alfajiri. Alipiga magoti kwa mama yake, akatoa tambuu. Alimtafuta baba yake, si kwa hamu, akakuta kitanda kitupu. Vizuri, aliwaza, hata kuniaga ni mkosi. Hasira ikampanda upya, safi kama ya siku ya kwanza. Sebuleni mshale ulikuwa bado upo. Mama alikuwa amedeki sakafu yote akauzunguka. Upeksha aliburuta begi lake juu yake kutoka mkiani hadi nchani, akatoka.

Baba yake alikuwa amesimama getini, amevaa shati la kazi la zamani, saa mkononi.

"Basi la Kandy limeandikwa saa kumi na moja na dakika arobaini," alisema bila kumtazama. "Usiamini. Dereva wake, Gunapala, huliondoa dakika mbili kabla, nilimwandikia makosa miaka sita, hakubadilika. La pili litakufikisha saa mbili na dakika arobaini na tano. Utakuwa umechelewa." Akageuza mkono kwenye mwanga wa taa ya getini. "Una dakika kumi na tisa. Kwa miguu ni kumi na nne. Njia ya daraja, si ya shuleni."

Upeksha alisubiri kama kuna zaidi. Hakukuwa na zaidi. Mzee akafungua geti.

Angetaka kupita njia ya shuleni, ili tu asiwe amemtii. Alipita ya darajani. Alifika jasho likimtoka, akapanda, akakaa upande wa dirisha na bahasha kifuani. Injini ikanguruma, kondakta akapiga bati mara mbili, na basi likaondoka huku mwanamke mmoja bado anakimbia nyuma yake na kikapu.

Upeksha akatoa simu, akatazama. Saa kumi na moja na dakika thelathini na nane. Kamili, hata sekunde haikupotea. Alikuwa sahihi, mzee yule, na jambo hilo lilimkera hadi Kandy.